Arobaini ya Aliyerudi Mikono Mitupu

Katika Majengo ya Dodoma, ambamo nyumba za kupanga zimebanana tangu pembeni mwa soko mpaka ndani ya vichochoro, na ambamo Mgogo, Mrangi, Mnyaturu na Mnyamwezi hushirikiana ua mmoja na bomba moja la maji, ada ya uzazi haifundishwi kwa kitabu. Mwanamke akirudi kutoka hospitali na mtoto mikononi mwa bibi yake, kila mtu uani hujua wajibu wake: mzazi atakandwa maji ya moto, atapikiwa uji wenye pilipili manga na mchuzi wa kuku, ataondolewa ndoo na jembe mpaka arobaini yake itimie, wala hapana mwanamume mwenye haya atakayethubutu kumharakisha. Lakini yuko mwanamke mwingine, ambaye huingia wodi ile ile na kutokea mlango ule ule, naye huenda amemwaga damu nyingi kuliko yule wa kwanza, tena mbele yake ana miezi ya sindano na vipimo. Walakini kwa kuwa amerudi mikono mitupu, hapana ampikiaye uji, na siku ya pili au ya tatu huonekana yuko bombani amebeba ndoo kichwani. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mwanamke huyo, na zaidi kwa ajili ya wale wanaoishi naye.

Maradhi yake ni saratani ya kondo la nyuma, maradhi adimu katika jumla ya saratani za uzazi, nayo aghalabu hutokana na kile ambacho wakunga na matabibu wetu hukiita mimba zabibu. Mtu wa Dodoma, aliyezoea kuona mashamba ya mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi, hahitaji kuelezwa sana jina hilo: badala ya kiumbe na kondo lake, ndani ya mji wa mimba huota vilengelenge vingi vya maji, vilivyoshikana kama kishada. Mwanamke hukosa hedhi, hutapika kuliko desturi, tumbo humkua upesi kupita miezi yake, na kipimo cha mkojo huonyesha kwamba ana mimba. Kisha damu huanza kutoka, na akipigwa picha ya altrasaundi huambiwa kwamba mtoto hayupo. Ulaya na Marekani jambo hili hutokea takriban mara 1 katika kila mimba 1000, na katika baadhi ya nchi za Asia na Afrika hutokea mara nyingi zaidi. Walio katika hatari kubwa kuliko wenzao ni wasichana wanaoshika mimba kabla ya miaka 20, na wanawake waliopita miaka 40.

Wengi wenye mimba zabibu husafishwa kizazi na yakaishia hapo. Lakini kati ya wanawake 100 waliopata mimba zabibu iliyo kamili, 15 hadi 20 hubakiwa na chembe zinazoendelea kuota, na baadhi ya chembe hizo hugeuka saratani iwezayo kusafiri katika damu mpaka mapafuni, inini na hata ubongoni. Mara chache zaidi, saratani hii hutokea baada ya mimba iliyoharibika, au hata baada ya uzazi wa salama wa mtoto mwenye afya, na hapo ndipo inapodanganya watu, kwa kuwa hakuna anayeitazamia. Mwanamke aliyejifungua miezi michache iliyopita akianza kukohoa damu, fikra ya kwanza ya jirani na ya muuza dawa ni kifua kikuu. Na ijapokuwa fikra hiyo si ya kulaumiwa katika nchi yenye kifua kikuu kingi, kipimo cha mimba cha mkojo, ambacho hupatikana katika duka lolote la dawa, kingeweza kutia shaka iokoayo maisha, kwani saratani hii hutoa homoni ile ile ya ujauzito.

Kabla sijafika kwenye tiba, sina budi kusema juu ya lawama, maana nimeona kwamba lawama huchelewesha kupona kuliko dawa kali. Mwanamke aliyetokwa na zabibu badala ya mtoto husemwa kwamba amerogwa, au amerithi laana ya kwao, au alitoa mimba usichanani, au ana jini lililomla mwana tumboni. Na mawifi, ambao jana walimwita wifi kwa mapenzi, huanza kumuuliza kaka yao kama hakukosea kuoa. Elimu ya uzazi imekwisha kulikata shauri hili. Katika mimba ya kawaida, nusu ya urithi hutoka kwa mama na nusu kwa baba. Katika mimba zabibu iliyo kamili, karibu mara zote yai la mama huwa limekosa urithi wa kiini chake kwa sababu isiyotokana na tendo wala tabia yake, na mbegu ya mwanamume iliyoliingia hujirudufu, hata kinachoota kikawa kimejengwa kwa urithi wa upande mmoja tu, nao ni upande wa baba. Basi yule anayeshitakiwa barazani ndiye ambaye kwa hakika hakutia kitu katika jambo hilo. Wala sisemi hivi ili lawama ihamie kwa mume, kwani yeye naye hakuchagua. Ni ajali ya maumbile, na ajali haina mshitakiwa.

Zamani saratani hii, ikishafika mapafuni, ilikuwa hukumu ya mauti. Habari ya namna ilivyoshindwa inastahili kujulikana na kila mgonjwa, kwa kuwa inajibu swali ambalo wengi huliuliza kwa uchungu. Mwaka 1956, huko Bethesda nchini Marekani, matabibu Roy Hertz na Min Chiu Li walitangaza kwamba dawa iitwayo methotreksati imewaponya wanawake waliokuwa na uvimbe mapafuni, na huo ukawa miongoni mwa mifano ya kwanza ya saratani iliyosambaa mwilini kuponywa kwa dawa peke yake. Li, mzaliwa wa Uchina, aliona kwamba uvimbe ukishatoweka katika picha, homoni ya ujauzito ilikuwa bado ikionekana katika mkojo wa mgonjwa, naye akashikilia kuendelea na dawa mpaka homoni nayo iishe. Wakubwa wake waliona anawatia wagonjwa sumu bila sababu, na akaondolewa kazini. Lakini wale aliowatibu hadi mwisho ndio waliopona kabisa, na mwaka 1972 yeye na Hertz walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa wetu wa leo, ambaye damu imekoma, kikohozi kimekwisha, na hata kipimo kimekuwa safi, bado huambiwa arudi kwa duru nyingine, aghalabu duru 3, za sindano. Asidhani kwamba anafichwa jambo, wala asikatize. Zile duru za mwisho, ambazo mwili hauzioni faida, ndizo zinazozuia marejeo.

Kwa wale ambao maradhi yao yako daraja ya chini, tiba ni sindano za methotreksati siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na katikati yake hupewa dawa ya kuukinga mwili. Kisha hupumzika na kuanza tena kila baada ya wiki 2. Nywele kwa kawaida hazitoki, lakini kinywa huchubuka kiasi kwamba hata chai ya vuguvugu huwa moto, macho huwasha, na uchovu humkalia mtu kama aliyetoka kulima. Walio daraja ya juu hupewa mchanganyiko wa dawa 5 kwa dripu, na hao nywele zao hutoka zote, pamoja na nyusi na kope. Mtandio au kilemba huficha kichwa. Nyusi hazifichiki, na mtaani mtu mwembamba asiye na nyusi hunong'onezwa kwamba ana maradhi mengine.

Mojawapo ya dawa hizo 5 ni vinkristini, itolewayo katika ua dogo la waridi au jeupe ambalo asili yake ni kisiwa cha Madagaska, na ambalo leo hupandwa hata katika bustani za miji yetu kwa kuwa hustahimili ukame. Dawa hii hugusa mishipa ya fahamu ya vidole. Tumfikirie muuza mchicha na karanga wa soko la Majengo, ambaye kwa miaka amehesabu chenji huku akizungumza na mteja na macho yakiwa kwingine: sasa atia mkono katika mfuko wa kanga na hawezi kutambua kwa kugusa kama aliyoshika ni sarafu ya shilingi 100 au ya 200, kifungo cha blauzi ya mtoto kinamshinda, na akichambua mchele, chembe za mawe zinapita chini ya vidole vyake. Hajawa mvivu, wala hajapungukiwa akili. Kwa walio wengi ganzi hiyo hupungua taratibu katika miezi inayofuata, na nywele huanza kurudi miezi michache baada ya dripu ya mwisho, pengine zikiwa laini zaidi kuliko zilivyokuwa. Lakini mwanamke huyo asipoelezwa mapema, atadhani kwamba ndivyo atakavyokuwa maisha yake yote, na dhana hiyo humvunja kuliko ganzi yenyewe.

Damu iliyopotea nayo inadai kurudishwa. Mwili uliokaukiwa damu hupanda ngazi chache na moyo ukaenda mbio, na katika hali hiyo chakula cha kwetu kinafaa kuliko makopo ya bei kubwa yanayotangazwa: maharage, choroko, karanga, mlenda na mchicha, mayai na maziwa, nyama au dagaa kwa kadiri ya uwezo, pamoja na ugali wa uwele au mtama ambao wazee wa nchi hii kavu waliutegemea. Iko hadhari moja. Methotreksati hufanya kazi yake kwa kuinyima saratani vitamini iitwayo foliki asidi. Kwa hiyo vidonge vyekundu vya kuongeza damu, ambavyo huwa na foliki asidi ndani yake na ambavyo kila mwanamke aliyepita kliniki ya wajawazito anavyo kabatini, visimezwe wakati wa sindano ila kwa amri ya tabibu. Vivyo hivyo aspirini na dawa za maumivu za dukani, na pombe ya aina yoyote, na majani ya kuchemsha ambayo mletaji hawezi kueleza yana nini ndani yake, kwa kuwa ini na figo zimekwisha elemewa. Na jua la Dodoma, ambalo halina wingu la kulizuia kwa miezi mingi ya mwaka, huichoma ngozi iliyopata dawa hizi upesi. Kanga mabegani na kivuli cha mchana ni sehemu ya tiba. Homa ikipanda katika siku ambazo chembe nyeupe za damu zimeshuka, asingoje kuche: aende hospitali usiku ule ule.

Hayo ni ya mwili. Ya moyoni yana muda wake mwingine, na mara nyingi huanza pale ambapo watu hudhani yamekwisha.

Mwanamke huyu amefiwa, lakini hana kaburi. Alikuwa amekwisha kufikiri jina. Pengine mume alikwisha nunua kitenge. Wanaokuja kumpa pole hawajui waseme nini, kwa hiyo husema lililo jepesi: kwamba hakukuwa na mtoto, basi hana cha kulilia. Nanasihi kauli hiyo iachwe. Alichokitarajia kilikuwa kweli katika moyo wake, na huzuni yake ina haki kama huzuni ya mfiwa yeyote. Tena imechanganyika na hofu ya saratani, hata mtu hajui kama analia kwa kilichopotea au kwa kinachoweza kuja. Wengine hawalii kabisa wakati wa tiba, kwa kuwa kila wiki ina kazi yake, nauli ya kutafuta na foleni ya kukaa. Kisha sindano zikiisha, majirani wakimpongeza, yeye hukosa usingizi, hughadhibika kwa jambo dogo, huogopa kila maumivu ya tumbo. Asishangae, wala aila yake isidhani amegeuka. Askari naye hutetemeka vita vikiisha.

Kipo kikaratasi cha maabara ambacho watu wa nyumba yake hawana budi kukijua. Kina tarakimu moja tu ya maana, kiasi cha homoni ya ujauzito katika damu, nayo huanza kwa maelfu, mathalan 60,000, kisha ikashuka 8,000, kisha 700, mpaka ifike chini ya 5 ambayo ndiyo hali ya mtu asiye na mimba. Mwanamke ambaye hakupata kumaliza shule hujifunza kukisoma kikaratasi hicho upesi kuliko karani, na usiku wa kuamkia kipimo haumpiti hivi hivi. Tarakimu ikigoma kushuka, wengi hudhani ndiyo mauti. Kumbe tabibu hubadili dawa tu, na hata hao karibu wote hupona, kwani saratani hii ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri kuliko nyingine zote: walio daraja ya chini hupona karibu wote, na walio daraja ya juu hupona walio wengi wakitibiwa kwa wakati mahali penye ujuzi. Laiti maneno hayo yangesemwa kwa sauti siku ya kwanza, mbele ya mgonjwa, mume na mama mkwe, wote pamoja.

Mji wetu una shida yake katika habari hii. Hospitali ya Mirembe, iliyoanza tangu enzi za Waingereza, imewatunza wagonjwa wa akili wa Tanzania kwa vizazi, lakini jina lake limegeuzwa tusi, hata mtu akisema kwamba roho yake ni nzito na angependa kuzungumza na mshauri, huulizwa kama anataka kupelekwa Mirembe. Kwa hofu ya tusi hilo wengi hunyamaza. Kuzungumza na muuguzi, na mshauri nasaha wa hospitali, na shehe au padri mwenye busara, na zaidi na mwanamke mwingine aliyepita katika maradhi haya akapona, si dalili ya wazimu. Ni tiba kama tiba nyingine, na mwenye kuikosa hupona nusu.

Sasa nifike kwenye mwaka unaofuata tiba, ambao ndio shina la makala haya. Baada ya sindano ya mwisho, mgonjwa hutakiwa apimwe homoni mara kwa mara, na asishike mimba kwa muda wa miezi 12. Watu wengi hudhani agizo hilo ni kwa sababu kizazi kimeharibika. La. Sababu kubwa ni kwamba maradhi yakirejea, aghalabu hurejea ndani ya mwaka wa kwanza, na alama yake ni kupanda kwa homoni ya ujauzito. Mimba mpya nayo huipandisha homoni ile ile, hata tabibu akashindwa kujua kipi ni kipi. Basi uzazi wa mpango katika mwaka huo ni sehemu ya tiba ya saratani, na mume anapaswa kuupokea kwa heshima ile ile anayopokelea dripu. Vidonge au sindano vyafaa kwa ushauri wa tabibu. Kitanzi kisiwekwe mpaka homoni imeshuka kabisa, kwa hatari ya kutoboa kizazi na kumwaga damu.

Hapo ndipo mwanamke wa Majengo hubanwa. Mume amengoja miezi ya tiba, ndugu zake wanauliza mjukuu, na pengine jina la mke wa pili limekwisha tajwa jikoni. Unyumba nao umeingiwa na hofu: mwanamke huogopa damu itarudi, au mwili wake umekauka na tendo lina maumivu, au hautambui tena kuwa ni wake baada ya kuguswa na mikono mingi ya hospitali, na mume, kwa kutoelezwa, hudhani kwamba saratani inaambukiza au kwamba amechukiwa. Haiambukizi. Damu ikiisha koma na tabibu akaridhia, wanaweza kurudiana taratibu, na subira ya mume katika miezi hiyo ni ihsani ambayo mke hataisahau. Hedhi kwa wengi hurudi miezi michache baada ya dawa. Na mwaka ukitimia, walio wengi hushika mimba na kuzaa watoto wazima. Mimba zabibu hurudia kwa mwanamke 1 au 2 tu katika 100.

Wako ambao kizazi chao kilitolewa, ama kwa sababu ya umri, ama kwa sababu damu ilikataa kusimama. Kwa hao sitaleta maneno matamu. Mwenye watoto na asiye na mtoto hawalilii jambo moja, na yule asiye na mtoto anahitaji wa kukaa naye, si wa kumwambia kwamba Mungu atampa. Anayo haki ya kuitwa mama katika ua wake kwa wale anaowalea, na haki ya kubaki katika ndoa yake na mali yake.

Wanawake wa uwanda wa kati hawatibiwi kwa urahisi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji huiita General, iko karibu; Hospitali ya Benjamin Mkapa iko upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma; lakini wapo wanaopelekwa hadi Ocean Road, jengo la Wajerumani la karne ya 19 ufukoni mwa Dar es Salaam, lililofanywa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Tangu mwaka 2024 treni mpya ya umeme imeufupisha mwendo huo, lakini nauli ni nauli, na mwanamke aliyeacha genge lake kwa siku tatu hana wa kumlipa. Ndiyo maana nawaomba wanawake wa vikoba na vyama vya kufa na kuzikana, ambao huchanga upesi kwa sanda, wachange pia kwa nauli ya kipimo.

Na wewe msomaji uliyepona, tunza kadi yako na vikaratasi vyako vyote vya maabara mahali pasipofika maji. Ukishika mimba siku za mbele, mwonyeshe mkunga siku ya kwanza, upigwe picha ya altrasaundi mapema. Na ukishazaa, mtoto awe mzima vipi, rudi ukapimwe homoni katika wiki ya 6.